Hita ya jakuzi haiwaki ingawa pampu inafanya kazi: nianzie wapi kabla ya kununua koili mpya?

Bahari Tulivu (muuliza swali)

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nina jakuzi la lita 1,200 lenye hita ya kilowati 3 inayotumia umeme wa volti 230. Tangu nilipomwaga maji ya zamani, nikasafisha beseni lote na kujaza maji mapya, hita hiyo imekataa kuwaka. Nimeliwekea joto la nyuzi 38, lakini skrini imeganda kwenye nyuzi 24 tangu juzi. Taa ndogo ya hita humemeta bila kutulia, kisha baada ya dakika chache hutokea maandishi FLO na mfumo huanza upya. Pampu inaunguruma, jeti zinatoa maji kwa nguvu kama kawaida, swichi kuu haijajikata hata mara moja, wala sijasikia harufu ya kitu kuungua.

Ni vyema niseme pia kwamba wakati wa kusafisha nililifungua bomba la hita ili nitoe magamba ya chokaa yaliyokuwa yameganda juu ya koili, yaani kile chuma cha ndani kinachopasha maji, kisha nikalirudisha mwenyewe. Jirani yangu ananihakikishia kwamba koili imekufa na kwamba nisipoteze muda, ninunue nyingine. Huenda yuko sahihi, ila sipendi kununua kifaa kwa kubahatisha. Anayelitumia jakuzi hili zaidi yetu sote ni mama yangu mzazi, ambaye maji ya moto humpunguzia maumivu ya magoti, kwa hiyo ninataka nijue tatizo lenyewe ni lipi ili lisirudi baada ya wiki mbili. Nianzie wapi?

Fundi Pampu

Ndugu Bahari Tulivu, pole kwa usumbufu, na mpe mama salamu. Usinunue koili bado. Kwa maelezo uliyotoa, hita yako haijakataa kuwaka, imekatazwa.

Bodi ya udhibiti haipeleki umeme kwenye koili mpaka iridhike kwamba maji yanapita ndani ya bomba la hita. Mifumo hutofautiana katika namna ya kujiridhisha: mingine ina swichi ya presha ambayo migusano yake hufunga pale maji yanapoisukuma, mingine ina swichi ya mtiririko yenye kijipanga kidogo kinacholazwa na maji yanayopita, na mingine mipya zaidi ina vihisi joto viwili, kimoja kila upande wa koili, ambavyo bodi huvilinganisha ili kutambua kama joto linasombwa na maji au linarundikana mahali pamoja. Sababu ya ulinzi wote huo ni kwamba koili ya kilowati 3 iliyozungukwa na maji yaliyosimama huyachemsha kwa muda mfupi sana, na ikibaki kavu huungua na kuharibu bomba pamoja na viungio vya plastiki vilivyo karibu. Katika mifumo mingi maandishi FLO yana maana hiyo hiyo, kwamba maji hayapiti au hayapiti ya kutosha. Koili iliyokufa kwa kawaida haileti ujumbe huo.

Jeti zisikudanganye. Katika majakuzi mengi maji yanayopita kwenye hita husukumwa na pampu ndogo ya mzunguko, au na pampu kubwa ikiwa kwenye mwendo wake wa chini. Pampu inayokupa jeti kali inaweza kuwa nzima kabisa ilhali ile inayolisha hita imejaa hewa na inazunguka bila kusukuma chochote. Iguse kwa kiganja na uisikilize: pampu yenye hewa huwa na mlio mwembamba usiotulia, na mabomba yake hayana ule mtikisiko mdogo wa maji yanayokwenda.

Kwa kuwa tatizo lilianza mara tu baada ya kujaza maji, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni hewa iliyonaswa. Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kina cha maji kimepita mdomo wa chujio, fungua vali zote mbili za pampu hadi mwisho, kisha legeza taratibu nati kubwa ya kiungio iliyo juu kabisa kati ya pampu na hita, robo mzunguko tu. Utasikia hewa ikifoka, kisha maji yataanza kutiririka. Yakitoka mfululizo bila mapovu, kaza nati kwa mkono, futa maji yaliyomwagika, halafu washa. Siku nyingine utakapojaza, ingiza mpira wa maji ndani ya tundu la chujio badala ya kuutupa katikati ya beseni, kwa sababu maji yakianzia kwenye mabomba huisukuma hewa itoke yenyewe.

Baada ya hapo toa chujio na ujaribu kuwasha bila hilo kwa dakika chache. Kama FLO haitokei tena, basi chujio ndilo linalobana njia, hata kama kwa macho linaonekana jeupe. Mafuta ya mwili na ya vipodozi hujificha ndani kabisa ya kitambaa chake na hayatoki kwa maji matupu. Yanahitaji kulowekwa usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia machujio. Usiliache jakuzi lifanye kazi siku nzima bila chujio, kwani taka zitaingia kwenye mapanga ya pampu.

Jambo la mwisho kwa leo: uliwahi kulifungua bomba la hita. Mabomba mengi huchorwa mshale unaoonyesha maji yanakoelekea. Hakikisha hukuligeuza, hasa kama mfumo wako una swichi ya kijipanga, maana ikigeuzwa migusano yake haifungi kamwe hata maji yapite kwa wingi kiasi gani.

Mshumaa

Ninaongeza jambo dogo ambalo huwapotezea watu wengi muda. Majakuzi mengi yana hali tatu za kufanya kazi: ya kawaida, ya kubana matumizi, na ya mapumziko. Ya kawaida hutunza joto ulilochagua wakati wote. Ya kubana matumizi huruhusu hita iwake wakati wa mizunguko ya kuchuja tu, na ya mapumziko huacha maji yapoe nyuzi kadhaa chini ya kiwango ulichochagua. Umeme unapozimwa na kurudishwa, mfumo unaweza kurudi katika hali usiyoitarajia, na mtu akadhani hita imekufa kumbe inangoja zamu yake.

Vilevile ni vyema ujue matarajio halali ni yapi. Lita 1,200 zinahitaji takriban kilowati-saa 1.4 ili zipande nyuzi moja. Kwa hiyo hita ya kilowati 3, hata kama hakuna joto linalopotea, haiwezi kupandisha zaidi ya nyuzi 2 na kidogo kwa saa, na safari ya kutoka 24 hadi 38 haiwezi kupungua saa 6 na nusu. Funika jakuzi unapopima. Ukiliacha wazi unaweza kuihukumu hita isiyo na kosa.

Njia Fupi

Mimi nilikuwa na tatizo kama hilo. Nilichomoa nyaya mbili za swichi ya presha nikaziunganisha pamoja, na hita ikawaka papo hapo. Inafanya kazi mpaka leo.

Umeme Salama

Ndugu Njia Fupi, ninakuomba kwa heshima zote urudishe swichi hiyo leo, wala usingoje kesho. Ulichofanya ni kuiambia bodi kwamba maji yanapita muda wote, hata siku ambayo pampu itasimama. Siku hiyo koili itawaka ndani ya maji yaliyotulia, na kinga pekee itakayokuwa imebaki ni ile ya kikomo cha juu cha joto, ambayo iliwekwa iwe ngome ya mwisho na haikukusudiwa kubeba kazi ya kila siku. Kihisi cha kikomo kikiwa na hitilafu, hakuna kitu kingine kitakachozuia bomba kuyeyusha viungio vyake au maji yenye joto la kuunguza kuingia kwenye beseni ambamo watu wamekaa. Fundi mwenye ujuzi anaweza kuziunganisha nyaya hizo kwa sekunde chache akiwa amesimama hapo hapo, ili atambue kama swichi ndiyo mbovu, kisha akaziachanisha. Kuziacha hivyo ni jambo jingine kabisa.

Kama hita yako iliwaka ulipoziunganisha, maana yake ni moja kati ya mbili: ama swichi imechoka na inahitaji kubadilishwa, ama maji hayapiti vizuri na swichi ilikuwa ikisema kweli. Chunguza la pili kwanza.

Bahari Tulivu

Ninawashukuru sana. Nimefuata maelekezo ya Fundi Pampu hatua kwa hatua. Nilipolegeza nati ya juu hewa ilifoka kwa karibu nusu dakika, nami sikutarajia kwamba kungekuwa na hewa nyingi kiasi hicho. Mshale wa bomba uko upande sahihi. Hali iliyochaguliwa ni ya kawaida. Baada ya kuwasha, FLO haikutokea tena, na taa ya hita sasa imetulia bila kumemeta.

Hata hivyo furaha yangu ilikuwa fupi. Nimefunika jakuzi na kusubiri saa tatu kamili, na joto limepanda kutoka 24 hadi 24.5 tu. Kwa hesabu ya Mshumaa ningepaswa kuwa nimekaribia 30. Skrini inasema hita inawaka, maji yanasema hapana. Je, sasa niamini kwamba koili imekufa?

Fundi Pampu

Hiyo nusu nyuzi yaelekea ni joto la pampu yenyewe, kwa sababu pampu inayozunguka kwa saa nyingi huyapasha maji kidogo. Kwa hiyo ninakubaliana nawe kwamba hita haitoi chochote. Hapa ninamwachia Umeme Salama, kwa kuwa tumetoka kwenye maji na kuingia kwenye umeme.

Mvumilivu

Kabla ya umeme, tafadhali tumbukiza kipimajoto cha kawaida ndani ya maji na ulinganishe na skrini. Kwangu mimi koili ilikuwa nzima, kihisi ndicho kilichokuwa kikisoma uongo, nami nilikuwa tayari nimebadilisha koili. Vihisi vingi vya majakuzi hupimwa kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na vingi vyake husoma takriban omu 10,000 maji yakiwa nyuzi 25, kisha hupungua kadiri joto linavyopanda. Angalia karatasi ya mfumo wako, maana si vyote vinavyofanana.

Umeme Salama

Ushauri wa Mvumilivu ni mzuri na haugharimu kitu, uanze nao. Kipimajoto kikikubaliana na skrini, fuata haya.

Ninaanza na usalama kwa sababu hapa kuna maji, chuma na volti 230 mahali pamoja. Kama hujawahi kufanya vipimo vya umeme, mwite fundi wa umeme mwenye leseni, umsomee maelezo haya, naye hatachukua muda mrefu. Kazi yoyote ya kugusa nyaya ifanyike swichi kuu ikiwa imezimwa na kufungwa ili mtu mwingine asiiwashe kwa bahati mbaya, na multimita ithibitishe kwamba hakuna umeme kabla ya kidole kugusa chochote. Mikono iwe mikavu, na sakafu pia.

Kipimo cha kwanza ni cha ukinzani wa koili. Umeme ukiwa umezimwa, chomoa nyaya zote mbili za koili ili bodi isichanganye jibu, weka multimita kwenye omu, na upime kati ya ncha mbili za koili. Jibu sahihi halihitaji kukisiwa: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa wati. Kwako ni 230 mara 230, gawanya kwa 3,000, unapata takriban omu 17.6. Ukisoma 17 au 18 na kitu, koili ni nzima. Multimita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, koili imekufa kweli na jirani yako alikuwa sahihi.

Kipimo cha pili ni kati ya kila ncha ya koili na mwili wa bomba la chuma. Hapo pasiwe na njia yoyote. Ukipata omu chache au elfu chache, ganda la koili limetoboka na umeme unavuja kwenda kwenye maji na kwenye waya wa ethi. Koili ya namna hiyo haitumiki hata kwa dakika moja. Ninalitaja kwa ukamilifu, ingawa silitarajii kwako, kwa sababu swichi yako ya kinga dhidi ya umeme unaovuja ingekuwa imejikata mara tu hita ilipopewa umeme. Swichi hizo mara nyingi hukata kwa miliampea 30, na katika nchi nyingine kwa 5 tu. Ila multimita ndogo haiwezi kugundua kila uvujaji, kwani koili nyingine huvuja zikipata moto tu, na fundi mwenye kipimo cha ukinzani wa kinga (ganda linalozuia umeme usivuje) kinachotumia volti 500 atakupa jibu la kuaminika zaidi.

Kipimo cha tatu hufanywa umeme ukiwepo, na hiki ninasisitiza kiwe cha fundi. Skrini ikisema hita inawaka, apime volti kwenye sehemu mbili: kwanza pale bodi inapotoa umeme wa hita, kisha kwenye ncha zenyewe za koili. Bodi isipotoa kitu, shida ni rilei ya hita, yaani swichi ambayo bodi huitumia kuiwasha, ambayo migusano yake imeungua, au fyuzi ya hita kwa mifumo iliyo nayo. Bodi ikitoa 230 na ncha za koili zikapata 230, koili imekufa. Bodi ikitoa 230 na ncha za koili zisipate, basi njia imekatika katikati, na hapo ndipo macho yangu yanapoelekea kwako, kwa sababu wewe mwenyewe ulifungua na kukaza nati zinazoshika nyaya kwenye ncha za koili. Hita yako hula takriban ampea 13 kwa saa nyingi mfululizo. Nati iliyolegea kidogo tu hupata moto pale pale penye mguso, shaba inageuka nyeusi, na hatimaye umeme haupiti tena.

Bahari Tulivu

Kipimajoto kimekubaliana na skrini. Jana nilimwita fundi wa umeme na tukafanya vipimo vyote vitatu kwa mpangilio huo.

Koili ilisoma omu 17.8. Kati ya ncha na mwili wa bomba hakukuwa na njia, na kipimo cha volti 500 kilithibitisha. Bodi ilitoa volti 231. Kwenye ncha za koili, hakuna kitu. Tulipozima na kuondoa kifuniko, tulikuta nati moja inazunguka kwa kidole, kishikio cha waya chini yake kimekuwa cheusi na plastiki yake imesinyaa kwa urefu wa kama sentimita 3. Haikunuka kwa sababu kifuniko hicho hufungwa vizuri na sikuwa nimekifungua tena tangu siku ya kusafisha. Kosa ni langu, nalo lingeweza kuishia pabaya zaidi. Tafadhali nielekezeni namna ya kurekebisha ipasavyo, kwa kuwa sitaki kukaza tu nati ile na kuondoka.

Umeme Salama

Umefanya vema kutokaza tu. Waya ukatwe kurudi nyuma hadi penye shaba inayong'aa na plastiki laini, kisha uwekewe kishikio kipya cha ukubwa wake kilichobanwa kwa koleo la kazi hiyo. Ukibaki mfupi, ubadilishwe wote kwa waya wa unene ule ule na unaostahimili joto, usiungwe katikati. Ncha ya koili isuguliwe hadi iwe safi. Kama nyuzi zake za kukazia nati zimeliwa na moto, hapo ndipo koili italazimika kubadilishwa ingawa yenyewe ni nzima.

Unapokaza, tumia spana mbili. Moja ishike nati ya ndani isizunguke, nyingine ikaze ya nje. Ukikaza kwa spana moja, ncha nzima hupinda, muhuri unaozuia maji hupasuka, na ndani ya miezi michache utakuwa na uvujaji. Fundi aangalie pia upande wa pili wa waya ule ule, kwenye bodi, kwa sababu joto husafiri kwenye shaba. Kazeni tena nati zote mbili baada ya siku kadhaa za matumizi, umeme ukiwa umezimwa.

Mshumaa

Kwa kuwa mtumiaji ni mzazi, ninaomba niongeze hili. Maji yako yamekaa siku kadhaa kwenye nyuzi 24, na bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Wazee ndio walio hatarini zaidi. Kabla mama hajaingia, pima klorini iwe angalau miligramu 3 kwa lita, na asidi ya maji iwe kati ya pH 7.2 na 7.8. Kiwango hicho cha pH kinamsaidia mama na koili pia: chini yake maji hula chuma, na juu yake chokaa hurudi kuganda pale ulipoisugua.

Bahari Tulivu

Kazi imekamilika. Waya wote umebadilishwa, nati zimekazwa kwa spana mbili, na upande wa bodi tulikuta hauna alama ya moto. Fundi alipofunga mita ya kubana, ile inayopima ampea kwa kuuzunguka waya, kwenye waya wa hita, ilisoma ampea 13 kamili. Tuliwasha saa nne asubuhi maji yakiwa nyuzi 24.5, saa tisa alasiri yalikuwa 33, na saa moja na nusu usiku yamegonga 38, taa ya hita ikazimika yenyewe. Klorini inasoma 3 na pH 7.4. Nimeandika tarehe ya kukaza tena zile nati kwenye mlango wa kabati la mashine, na mama ameniambia ataingia kesho baada ya chai.